Maji yamejaa chomboni, lakini kuku hawanywi

Swali: "Shikamoo daktari. Nafuga kuku wa mayai 180 hapa Buswelu, Mwanza. Banda ni la matofali nusu ukuta, juu wavu, limeezekwa kwa bati, halina dari. Tangu Septemba ianze mayai yamepungua kutoka trei tano kwa siku hadi trei nne, na mengi yana ganda jembamba, yanavunjika nikiyapanga. Mchana kuku wanahema midomo wazi. Wiki iliyopita wamekufa wanne, wote alasiri. Maji hayakosekani: nina drinka tatu za lita kumi, nazijaza asubuhi na mapema, na jioni nakuta mengine yamebaki. Natumia maji ya simtanki, na yakikatika naletewa ya ziwani kwa madumu. Dukani nilipewa antibiotiki ya siku tano, sijaona nafuu. Jirani anasema niweke barafu, mama mkwe anasema maji ya baridi yatawapa mafua. Nimeona pia video ya wafugaji wa Canada wenye kifaa cha umeme kinachowekwa chini ya drinka. Je, kitanisaidia?"

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na pole sana kwa hasara hiyo. Nianze na kifaa cha Canada kwa sababu jibu lake ni fupi: usikinunue. Kile hupasha maji joto. Wafugaji wa huko, wakati wa baridi kali, huamka wakute maji ya kuku yamekuwa barafu ngumu, na kuku hawezi kunywa barafu. Hapa kwetu labda mfugaji wa Makete, ambako sakitu huanguka Juni na Julai, ndiye anayeweza kuyakuta maji yake ya alfajiri yana utando wa barafu. Wewe uko Buswelu, na maji yako yana shida ya upande wa pili. Lakini ninyi wote mnasumbuliwa na jambo moja: chombo kina maji, na kuku hanywi.

Umeandika kwamba maji hayakosekani. Hebu tupige hesabu. Drinka tatu za lita kumi ni lita 30. Zigawe kwa kuku 180, kila mmoja anapata chini kidogo ya mililita 170, hata kama wangezikausha kabisa. Kuku wa mayai katika hali ya hewa ya wastani hunywa kama robo lita kwa siku, kwa hiyo kundi lako linahitaji lita 45 siku ya kawaida. Siku ya joto kali mahitaji yanaweza kufika maradufu, yaani lita 90. Wewe umewapa 30, na jioni unakuta mengine yamebaki. Kuku wako wana kiu, ndugu yangu, huku maji yako mbele yao.

Kwa nini hawayanywi? Kesho saa nane mchana ingia bandani, uchovye kidole kwenye drinka. Ukihisi maji hayana ubaridi wala uvuguvugu, kana kwamba hujagusa kitu, basi yamekaribia joto la ngozi yako, na hapo yamepita nyuzi 30. Kuku hupunguza kunywa kadiri maji yanavyopata joto, na yakilikaribia joto la mwili wake huyaacha. Hata akijilazimisha, hayamsaidii sana. Mwili wa kuku una joto la nyuzi 41 hadi 42. Maji ya nyuzi 20 yakiingia tumboni huchukua joto jingi kabla ya kufikia joto lake. Maji ya nyuzi 37 huchukua joto kidogo tu.

Sasa fuatilia maji hayo yanakotoka. Simtanki jeusi limekaa juani siku nzima. Bomba linalotoka kwenye tanki mara nyingi limelala juu ya ardhi, na lita za kwanza zinazotoka mchana zinaweza hata kuunguza mkono. Kisha drinka yenyewe, kama ipo karibu na wavu wa upande wa jua, inaanza kupata joto tangu asubuhi. Wewe unayajaza alfajiri yakiwa mazuri, na kuku wanayanywa vizuri hadi kama saa nne. Kuanzia hapo hadi saa kumi jioni, saa zile ambazo wanayahitaji kuliko wakati wowote, kilichomo chomboni kimeshakuwa maji ya moto.

Watu huniambia, "Daktari, Mwanza si Dar es Salaam, hapa joto gani la kuua kuku?" Ni kweli kwamba tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na usiku wetu una ubaridi. Ila kuku haishi kwenye joto linalotangazwa redioni. Anaishi chini ya bati lako. Bati lisilo na dari likipigwa na jua la Septemba au Oktoba linamwaga joto moja kwa moja mgongoni mwa kuku, hata kama hewa ya nje ni nyuzi 29 tu. Nunua kipimajoto cha ukutani na ukining'inize kwenye kimo cha kichwa cha kuku, usikiweke kwenye kimo chako. Kuku wa mayai anastarehe kati ya nyuzi 18 na 24 hivi. Akipita 30 anaanza kuhangaika.

Tena kuku hana jasho. Joto analitoa kwa kuinua mabawa, kwa damu inayopita kwenye upanga wa kichwani na ndevu zake nyekundu, na zaidi ya yote kwa kuhema: anafungua mdomo, anatetemesha koo, na unyevu unaotoka kwenye njia ya hewa unaondoka na joto. Njia hiyo inahitaji mambo mawili. La kwanza ni maji mwilini, kwa sababu anachokitoa ni maji. La pili ni hewa inayoweza kupokea unyevu huo. Nguo uliyoianika siku ya mawingu mazito ziwani haikauki hata kama kuna joto, na kuhema kwa kuku katika banda lenye hewa iliyotuama hakumpozi kwa sababu hiyo hiyo. Ndiyo maana siku za vuli, mvua ikikaribia na upepo ukikoma, kuku hufa kwenye kipimo cha joto ambacho wiki mbili kabla walikistahimili.

Na ganda jembamba linatoka hapo hapo. Ganda la yai limetengenezwa kwa kalisiamu pamoja na kaboneti, na kaboneti hiyo hutokana na hewa ya kaboni dioksidi iliyo kwenye damu. Kuku anayehema siku nzima anaipeperusha kaboni dioksidi nje kupita kiasi. Damu inabadilika, na malighafi ya ganda inapungua. Juu ya hilo, joto limemkatisha hamu ya kula, kwa hiyo hata kalisiamu inayoingia ni kidogo. Ukiongeza kwamba karibu robo tatu ya yai ni maji, utaona kwa nini trei moja imepotea.

Tuje kwenye mabishano ya jirani na mama mkwe. Kwa heshima zote kwa mama, maji baridi hayaleti mafua ya kuku. Mafua yale ya kuvimba uso na kutoka kamasi yenye harufu ni ugonjwa wa bakteria, unaletwa na kuku mgeni, vyombo vichafu au mtu aliyetoka banda lenye ugonjwa. Hata hivyo naelewa mama ameona nini, kwa sababu banda lenye maji yanayomwagika huwa na maranda ya sakafuni yaliyolowa, maranda mabichi hutoa ile harufu kali inayochoma macho, na harufu hiyo huharibu njia ya hewa ya kuku. Ukilinda maranda yakae makavu, maji ya baridi hayana hatia.

Jirani naye yuko sahihi nusu. Barafu inasaidia, ila usiitegemee peke yake. Njia nzuri ni kujaza maji safi kwenye chupa za nusu lita, uzigandishe, na saa tano asubuhi uweke moja ndani ya kila drinka ikiwa imefungwa kizibo. Inayeyuka polepole, na kesho unaigandisha tena. Usichukue vipande vya barafu ya samaki kutoka soko la Mwaloni ukavitia moja kwa moja kwenye maji ya kunywa. Barafu ile ni ya kuhifadhia samaki, na hujui imepita wapi. Kwenye chupa iliyofungwa hakuna tatizo. Lakini umeme ukikatika, au ukikosa friza, mpango mzima unaanguka. Kwa hiyo jenga kwanza njia isiyohitaji umeme.

Kama ningekuwa na fedha kidogo tu ya kutumia kwenye banda lako, ningeanza na drinka. Ongeza tatu ziwe sita, uzitawanye, na uziweke katikati ya banda ambako jua halifiki. Kuku aliyechoka kwa joto hatembei mbali kutafuta maji, na wale wanyonge hawathubutu kumsogelea mbabe aliyesimama kwenye chombo. Ziinue hadi ukingo uwe kwenye kimo cha mgongo wa kuku, maranda yasiingie. Kisha badilisha ratiba, maana hili ndilo jambo kubwa kuliko yote niliyokuandikia: maji mapya alfajiri, maji mapya saa tano, maji mapya saa nane. Mwaga yaliyopata joto hata kama yanaonekana safi. Yapeleke kwenye mchicha. Utaona kuku wanakimbilia chombo mara tu unapokijaza upya, na hapo utajua tulichokuwa tunabishania.

Maji ya saa tano na saa nane yatoke wapi, wakati tanki lina maji ya moto? Yateke alfajiri, yakiwa bado na ubaridi wa usiku, uyaweke kwenye mitungi ya udongo chini ya mti au kwenye kibaraza. Mtungi usiopakwa rangi hupitisha maji kidogo kidogo, yanakauka kwa nje, na yaliyo ndani yanapoa. Huna mtungi, zungushia ndoo gunia la mkonge lililoloweshwa na uiweke penye upepo. Kazi ni ile ile. Mtungi uwe wa akiba tu, usiwe chombo cha kunywea, kwa sababu vinyweleo vyake hushika utelezi na kuusugua ni kazi ngumu. Simtanki lijengee kivuli cha makuti au nyasi, na bomba lifukie ardhini. Usipoweza kufanya hayo mwezi huu, angalau mchana fungulia bomba kwanza maji ya moto yatoke kwenye ndoo ya kufulia, ndipo ujaze ya kuku.

Baada ya maji, paa. Dari ya mikeka ya mafunjo au ya matete iliyoshikiliwa na fito, ikiacha nafasi ya hewa kati yake na bati, hupunguza joto sana, na vifaa hivyo pwani yetu hii ya ziwa havina shida kupatikana. Hakikisha tu ukuta wa nusu haujazibwa kwa magunia. Wengi huyaweka wakati wa vifaranga kuzuia baridi, kisha wanayasahau pale hadi kuku wanaanza kutaga. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, kwa hiyo upande unaotazama ziwa ndio unaopaswa kuwa wazi kuliko yote. Na kama banda limeegemea jabali, kama yalivyo mengi huku kwetu, fahamu kwamba jiwe hilo hunywa joto mchana kutwa na kulirudisha jioni. Kuku walio upande huo hupoa wakiwa wamechelewa, kwa hiyo drinka mojawapo iwe karibu nao. Kunyunyizia maji juu ya bati saa saba mchana kunasaidia. Kunyunyizia ndani ya banda lisilo na upepo ni hatari, kwa sababu unaongeza unyevu ule ule unaomzuia kuku kupoa.

Chakula nacho ni joto. Kuku akila, usagaji wa chakula huuongezea mwili joto kwa saa kadhaa baadaye, hivyo kinacholiwa saa tano kinamchoma saa tisa. Lisha mapema sana, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Inua vyombo vya chakula saa nne, uvirudishe saa kumi jioni. Kwenye mlo wa jioni changanya makombe ya konokono wa ziwani yaliyopondwa yakabaki vipande vipande, yasiwe unga. Ganda la yai hutengenezwa usiku, na vipande vikubwa huyeyuka taratibu tumboni wakati huo huo. Chumvichumvi za dukani za kutia kwenye maji ya kuku (elektrolaiti) na vitamini C zinafaa kwa siku chache za joto kali, asubuhi, kwa kipimo cha pakiti. Usitie chumvi ya jikoni kwa kukisia. Chumvi nyingi kwenye maji huua kuku.

Kuhusu maji ya ziwani, nina tahadhari moja ambayo naomba uichukulie kwa uzito. Maji ya kawaida ya ziwa yanaweza kutumika yakichujwa na kutiwa klorini kwa kipimo. Lakini kuna nyakati maji ya ufukweni huwa ya kijani kama rangi iliyomwagika, na kuna utando unaonata kwenye mawe. Vijidudu vya kijani vile vinaweza kuwa na sumu inayoharibu ini, na imeshagunduliwa kwenye Ghuba ya Mwanza. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha, na klorini inaweza kupasua vijidudu na kuimwaga yote kwenye maji. Mwambie anayekuletea madumu: yakiwa ya kijani, asilete. Afadhali kununua ya bomba kwa jirani.

Na kwa kuwa nimeitaja klorini, kumbuka pia kwamba siku ya kuchanja kwa maji ya kunywa maji yasiwe na klorini kabisa, maana huua chanjo. Maji ya bomba ya mjini nayo huwa nayo. Wafugaji wengi huchanja kwa uaminifu kila mara, halafu mdondo unaingia, wakadhani chanjo ilikuwa bandia.

Antibiotiki uliyopewa isingeweza kusaidia joto. Sikulaumu, uliwaona kuku wanahema ukakimbilia dawa, na aliyekuuzia alipaswa kukuuliza kwanza wanahema saa ngapi. Angalia kwenye kibandiko muda wa kusubiri kabla ya kuuza mayai. Kabla muda huo haujaisha, mayai hayo yasiende sokoni wala mezani kwa watoto. Najua trei nne kwa siku si kitu kidogo kukitupa, lakini mabaki ya dawa huliwa na watu.

Kuku ukimkuta amelala chali kwa joto, mtoe nje kivulini penye upepo, uloweshe miguu, upanga na ndevu zake kwa maji ya kawaida ya baridi. Usimzamishe mwili mzima kwenye maji ya barafu. Usimmiminie maji kooni, yataingia kwenye mapafu. Mwekee chombo karibu na mdomo, akizinduka atakunywa mwenyewe.

Sasa sikiliza hili kwa makini, kwa sababu nimekuwa nikizungumza kana kwamba nina hakika ni joto, na sijawaona kuku wako. Dalili ulizoandika zinaelekea huko: wanakufa alasiri, wanahema mchana, maji yanabaki. Kuna namna ya kuthibitisha usiku huu huu. Saa tatu usiku, hali ya hewa ikiwa imepoa, ingia bandani bila kuwasha taa, usimame kimya. Kuku wa joto huwa wamefunga midomo na wametulia. Ukisikia koromeo zinakoroma, chafya, au mluzi wa pumzi, hilo si joto. Hali ni hiyo hiyo ukikuta maiti asubuhi, kinyesi cha kijani, shingo zilizopinda, uso uliovimba, au mayai yaliyoendelea kuharibika wiki mbili baada ya kurekebisha maji na paa. Kinyesi cha majimaji peke yake kisikutishe, kuku anayekunywa sana hukitoa hivyo.

Ukiona mojawapo ya hizo, mwite afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo, na usiuze wala kugawa kuku hata mmoja kabla hajafika. Kama wanakufa kadhaa ndani ya siku moja, chukua wawili walio wagonjwa na mmoja aliyekufa karibuni, huyo aliyekufa umfunge kwenye mifuko miwili ya plastiki na barafu katikati, uwapeleke kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari hapa Mwanza kabla maiti haijaanza kuoza. Nenda na karatasi yenye umri wa kuku, tarehe za chanjo na jina la chanjo, dawa ulizowapa, mayai ya kila siku kwa wiki mbili, na kipimo cha joto cha saa nane mchana kutoka kwenye kile kipimajoto nilichokuambia ununue.